Kaderdina Hajee Essak: Tajiri aliyeipa leso kauli

WENGI wa wanawake waliojifunga leso za Kaderdina Hajee Essak hawakupata kumwona mwenyewe. Hata hivyo walilivaa jina lake, kwani nguo zake zilipigwa chapa ya herufi K.H.E. na maneno Mali ya Abdulla, lakabu iliyomtambulisha sokoni.

Mfanyabiashara huyo mwenye asili ya Bara Hindi alianzisha biashara yake kisiwani Mombasa mwaka 1887. Duka lenye jina lake lilipata sifa katika Mtaa wa Biashara, karibu na vichochoro vya Mji wa Kale.

Leso haikuanza naye. Kabla yake, wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya mraba na kuvishona pamoja, na neno leso lenyewe lina asili ya Kireno. Wala si yeye aliyebuni mapambo ya mimea. Umbo lililopinda ncha, ambalo Wahindi huliona embe, Waswahili waliliita korosho, likawa pambo mashuhuri la leso.

Mapambo hayo yalieleweka vyema katika mji ambao lugha yake humfananisha binadamu na mimea. Mpenzi huitwa ua. Mrembo ni waridi. Mtoto ni tunda la tumbo. Hivyo, leso ya maua ilikuwa na maana hata kabla haijaandikwa neno.

Lakini ua moja huweza kusomwa kwa njia nyingi. Aliyetaka kumjibu jirani, kumtuliza mume au kumkanya mke mwenza alihitaji kauli iliyo wazi zaidi. Kwa masimulizi yaliyoenea, ni Essak aliyeanzisha mtindo wa kuchapa methali na misemo ya Kiswahili kwenye leso mwanzoni mwa karne ya 20. Maneno yaliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye za Kirumi, yakawekwa ndani ya mji wa leso, juu ya pindo la chini.

Wakati huo pwani ilikuwa ikibadilika. Utumwa ulikomeshwa kisheria mwaka 1907, na wanawake waliozoea kaniki na merikani walijipatia doti za rangi na maua ili wavae kama waungwana. Ajabu ni kwamba nguo iliyotangaza kuwa mali ya Abdulla ikawa miongoni mwa vitu vya kwanza ambavyo mwanamke aliyewahi kuhesabiwa mali ya mtu aliweza kuviita vyake.

Tajiri alichagua ua na msemo. Mvaaji ndiye aliyeamua siku ya kuivaa, mlango wa kupita na jicho litakaloisoma, naye hakulazimika kufungua kinywa.

Essak aliondoka duniani, warithi wake wakaendeleza biashara. Chapa ya Mali ya Abdulla ikabaki pindoni, chini ya maua ambayo wanawake waliyapa maana yao wenyewe.