Jamaa wa ndevu aliyeshika daftari la intaneti

Ukiwahi kufungua tovuti inayoishia na .ke, kuna Mmarekani mmoja unayefaa kumjua. Anaitwa Jon Postel. Ndevu ndefu kama za nabii, sandali miguuni hata kazini.

Alizaliwa California mwaka wa 1943. Akiwa mwanafunzi pale UCLA, alikuwa kwenye kikundi kilichounganisha kompyuta za kwanza za ARPANET, babu yake intaneti. Ilibidi mtu aandike nambari gani imepewa nani. Postel akashika daftari, na hakuliachilia kwa karibu miaka 30. Mwaka wa 1983, mwenzake Paul Mockapetris alibuni mfumo wa majina ili tusihangaike kukariri nambari. Hayo majina pia yakaishia mezani kwa Postel. Ni yeye aliyeamua nani atunze jina la nchi gani, na .ke iliingia kwenye orodha 1993.

Kisha pesa ikaingia. Kuanzia 1995, kampuni ya Network Solutions, yenye mkataba na serikali ya Marekani, ilitoza dola 100 kwa jina moja kwa miaka miwili. Watu waliwaka! Wengine wakaunda orodha zao za pembeni, kama AlterNIC ya Eugene Kashpureff. Shida ni kwamba unaweza kuunda orodha yako hata leo jioni, lakini kama kompyuta za watu haziiulizi, ni kama haipo.

Postel aliulizwa na kila mtu. Januari 28, 1998, seva kuu za majina zilikuwa zikinakili orodha kutoka kwa seva ya kampuni hiyo. Aliwaandikia barua pepe wasimamizi wanane kati ya 12, akiwaomba wanakili kutoka kwake badala yake. Wote wanane wakakubali. Hakuna mtumiaji aliyegundua chochote, maana orodha zilifanana.

Ikulu ya Marekani iligundua. Ira Magaziner, mshauri wa Rais Clinton, alimpigia simu akamtaka arudishe mambo yalivyokuwa. Postel akarudisha, akisema lilikuwa jaribio tu. Mimi naamini alijua vizuri sana alichokuwa akifanya.

Oktoba 16 mwaka huohuo alifariki Los Angeles baada ya upasuaji wa moyo, akiwa na miaka 55. Daftari lilienda kwa ICANN, shirika lililokuwa limesajiliwa wiki chache tu kabla.