TARZAN ALIYEZALIWA ULAYA

Nani kati yetu hajasikia ukelele wa Tarzan? Basi mwenyewe aliyeupiga aliitwa Johnny Weissmuller. Alizaliwa mwaka 1904 huko Freidorf, ambako leo ni Romania, akapelekwa Marekani na wazazi wake akiwa bado mtoto mchanga.

Kuogelea ndiko kulikompa jina. Mwaka 1922 alikuwa mtu wa kwanza kuogelea mita 100 kwa muda usiotimia dakika moja. Lakini ili aiwakilishe Marekani katika Olimpiki ya Paris, 1924, alihitaji pasipoti ya huko. Afanyeje? Akajifanya amezaliwa Pennsylvania, alikozaliwa mdogo wake! Alishinda dhahabu 3, kisha 2 Amsterdam mwaka 1928. Hebu fikiria, siri ingefichuka angeweza kunyang'anywa zote.

Kuanzia 1932 hadi 1948 alicheza sinema 12 za Tarzan. Ule msitu, jamani, mara nyingi ulikuwa California! Hata ndovu walikuwa wa Kihindi, wakavalishwa masikio bandia. Waafrika nao kazi yao ni kubeba mizigo na kukimbia ovyo, jambo linaloniudhi sana. Hata hivyo, Tarzan akijitosa mtoni akaanza kumpita mamba, mimi siondoki mbele ya televisheni. Kuogelea kule hakukuwa bandia.

Alifariki mwaka 1984 mjini Acapulco, Mexico. Jeneza lilipokuwa likiteremshwa kaburini, ukelele wake ulichezwa kwenye kanda.