TIPPU TIP: MTU ALIYEHESABU PEMBE

Wapo wasomaji wasioweza kustahimili hadithi za kubuni. Ukiwapa riwaya, hata iwe nzuri namna gani, wafikapo ukurasa wa pili watauliza kama mambo hayo yalitokea kweli, na wakijibiwa kuwa hayakutokea hufunga kitabu. Mwandishi wa makala haya ni mmoja wao, na katika jeshi wenzake si haba. Kwa watu wa namna hiyo kipo kitabu kimoja cha Kiswahili kinachostahili kutangulizwa mbele ya vingine, kwa umri wake na kwa uzito wa mambo yaliyomo. Kitabu hicho ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kilichotungwa na mwenyewe. Lakini kabla ya kukifungua yafaa kumjua mtungaji, kwa kuwa mtu asimuliaye maisha yake mwenyewe ni shahidi na mshitakiwa kwa wakati mmoja.

Hamed alizaliwa Unguja yapata mwaka 1837. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara wa bara mwenye makao yake Tabora, katika nchi ya Unyanyembe, ambako alioa katika ukoo wa mtemi Fundikira. Mama yake alikuwa Mwarabu mwenye asili ya Maskati. Wazungu waliokutana na Hamed walistaajabu kuona kuwa mtu waliyeambiwa ni Mwarabu mkubwa alikuwa na rangi na sura ya Mwafrika. Yeye hakuona ajabu yoyote katika jambo hilo. Lugha aliyosafiri nayo, akaamulia mashauri na mwishowe akaandikia kitabu chake, ni Kiswahili.

Alipokuwa na umri wa miaka 12 alianza safari fupi fupi za biashara ya sandarusi. Alipotimiza miaka 18 alifuatana na baba yake hadi Tabora, kisha akavuka Ziwa Tanganyika kwenda Urua, akarudi na pembe. Tangu hapo hakuijua kazi nyingine.

Ni lazima tueleze kidogo jinsi biashara hiyo ilivyoendeshwa, maana bila ya hayo vita vyake havitaeleweka. Mfanyabiashara wa Unguja aghalabu hakuwa na mtaji wake mwenyewe. Alikopa nguo, shanga, bunduki na baruti kwa matajiri wa Kihindi, ambao mashuhuri wao alikuwa Taria Topan, na deni hilo lililipwa kwa pembe. Ulaya na Marekani zilikuwa zikizidi kutaka pembe kwa ajili ya vibao vya kupigia piano, mipira ya biliadi na vitana. Kila mwaka ndovu walipungua karibu na pwani, na kila mwaka misafara ilibidi iende mbali zaidi. Mtu mwenye deni Unguja, aliye mwendo wa miezi mingi kutoka nyumbani, hana subira ya kupatana bei na mtemi asiyetaka kuuza. Bunduki aliyoichukua kama bidhaa huanza kumshawishi.

Ndivyo ilivyotokea mwaka 1867 katika nchi ya Itabwa. Mtemi wa huko, Nsama, alikuwa akiogopwa na misafara yote kwa sababu aliwahi kuwashinda wafanyabiashara waliomwendea kwa nguvu. Hamed alifika kwake na bunduki zisizozidi mia na kidogo. Kwa maelezo yake mwenyewe, walikaribishwa ndani ya boma ili waoneshwe pembe, kisha wakamiminiwa mishale, naye akajeruhiwa. Bunduki zikalia, watu wa Nsama wakakimbia, na boma likatekwa pamoja na akiba yote iliyokuwamo. Husemekana kwamba jina la Tippu Tip lilitokana na mlio wa bunduki hizo katika masikio ya watu wa nchi ile. Wengine husema kuwa alipewa kwa sababu ya kupepesa macho. Livingstone alikuwa akipita katika nchi hizo mwaka huo huo, akapata msaada kutoka kwa mtu yule yule aliyeziunguza. Mzungu aliyeichukia biashara ya watumwa kuliko mwingine yeyote akawa mgeni wa mfanyabiashara wake mkubwa.

Kitabu chake hapa chatoa hesabu kamili. Pembe zilizotekwa kwa Nsama zilikuwa frasila 1,950, yaani karibu tani 30. Askari yeyote asomapo hesabu hiyo huuliza swali moja: nani alizibeba? Tani 30 hazitembei zenyewe kutoka Itabwa hadi pwani. Kwa mzigo wa frasila mbili kwa kila mtu, hao ni watu karibu elfu moja, mbali na wabebaji wa chakula, nguo na baruti. Baadhi yao walikuwa wapagazi wa ujira, hasa Wanyamwezi, ambao kazi hiyo kwao ilikuwa fahari ya ujana. Wengine walikuwa mateka. Hao mateka wametajwa kitabuni kwa kupita tu, kama zinavyotajwa shanga na kaniki.

Hapa naomba radhi kuingiza jambo langu. Katika chuo cha makadeti tulifundishwa kuandika taarifa ya baada ya mapambano: kwanza silaha zilizotekwa, kisha risasi zilizotumika, kisha majeruhi. Wanakijiji waliobeba majeruhi hao hawakuwa na safu yao katika karatasi ile. Miaka kadhaa baadaye, nikiwa ofisa wa uhusiano, niliandika taarifa ya magazeti kwa mtindo huo huo, nami niliiona imekamilika. Mzee mmoja wa kijiji akanijia na gazeti mkononi, akaniomba nimwoneshe mahali walipotajwa vijana wake wanne waliotubebea majeruhi usiku kucha. Hawakuwapo. Mmoja wao hakurudi nyumbani. Nilijisingizia uchache wa nafasi katika gazeti, naye akalikunja gazeti lake kwa adabu akaenda zake. Tangu siku hiyo nimekisoma kitabu cha Tippu Tip mara mbili, na kila nifikapo kwenye frasila 1,950 humkumbuka mzee yule.

Turudi kwenye maisha yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 aliingia nchi ya Utetela, magharibi ya mto Lualaba, na huko akafanya tendo ambalo mtu mwingine angelificha kaburini. Alisikia kuwa zamani dada za mtemi Kasongo Rushie walitekwa katika vita na kupelekwa Urua. Akayahifadhi majina na visa vyote, kisha akajitokeza akidai kuwa bibi yake alikuwa mmoja wa wale dada waliopotea. Mtemi, ambaye alikuwa mzee sana, akamwamini, akafurahi kupata mjukuu, akamkabidhi utawala wa nchi. Pembe zote zikawa zaletwa kwa mjukuu huyo. Tippu Tip alisimulia hila hiyo waziwazi na kwa furaha, wala hakuona haya. Msomaji apendaye mambo ya kweli hujikuta amesimama mahali pa ajabu: mtungaji anakiri uongo wake, na kwa kukiri huko unamwamini zaidi, mpaka ukumbuke kwamba aliyekiri uongo mmoja anajua namna ya kusema mwingine.

Mwaka 1874 alikutana na Cameron. Mwaka 1876 akaja Stanley, akitaka kuufuata mto Lualaba hadi mwisho wake. Tippu Tip alikubali kumsindikiza kwa malipo, wakaingia msitu mzito uliojaa giza na ndui, na mwishoni mwa mwaka huo wakaachana. Kila mmoja aliandika kisa hicho kwa upande wake. Tippu Tip alalamika kwamba ahadi za Stanley hazikutimizwa, naye Stanley aeleza kwamba mwenzake alirudi kabla ya kumaliza mwendo waliopatana. Mwenye vitabu vyote viwili na avisome sambamba kwa juma moja, atapata burudani ambayo riwaya chache zinaweza kuitoa.

Aliporudi Unguja mwaka 1882, baada ya miaka 12 bara, alikuwa bwana wa nchi pana kuliko visiwa vyote vya Sultani wake. Katika safari hiyo ya kurudi mmisionari wa Kiingereza, Alfred Swann, alikutana na msafara wake njiani. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1910 Swann alieleza habari za watu waliofungwa minyororo shingoni, na wanawake waliobeba pembe mabegani na watoto mgongoni. Ni kweli kuwa wamisionari waliandika pia kwa ajili ya kuchangisha fedha kwao, na hilo tusilisahau. Hata hivyo, Swann aliiona safu ambayo Tippu Tip hakuiandika.

Kisha zikaja dola za Ulaya. Mwaka 1885 mkutano wa Berlin ulimalizika, na nchi alizozitawala Tippu Tip zikawa katika ramani ya Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili, pasipo mtu yeyote kumwuliza yeye wala wenyeji. Sultan Barghash hakuwa na nguvu ya kuzitetea. Mwezi Februari 1887, mjini Unguja, Tippu Tip alitia sahihi mkataba wa kuwa wali wa Leopold katika Maporomoko ya Stanley, mahali panapoitwa sasa Kisangani, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Wengi wamemcheka kwa ajili ya mshahara huo. Mimi naona alijua alichofanya: alikuwa amekwisha kuona Unguja manowari za Wazungu, naye akapima.

Katika mkataba huo alitakiwa pia kutoa wapagazi 600 kwa msafara wa Stanley uliokwenda kumwokoa Emin Pasha karibu na Ziwa Albert. Wapagazi walichelewa, wala hawakutimia. Kikosi cha nyuma kilichoachwa Yambuya kiliteketea kwa njaa na maradhi, na mkuu wake, Meja Barttelot, aliuawa kwa risasi mwezi Julai 1888. Stanley alimshitaki Tippu Tip Unguja akidai pauni 10,000, kisha shitaka likaachwa. Kwetu Uganda msafara huo una mkia wake. Askari wa Emin waliobaki nyuma na Selim Bey walichukuliwa na Lugard mwaka 1891, wakawa msingi wa jeshi lililoitwa Uganda Rifles kuanzia mwaka 1895, na baadaye King's African Rifles. Kiswahili kilichoota mizizi katika kambi za majeshi hayo ni ndugu wa Kiswahili kilichoachwa na misafara ya Tippu Tip Kasongo na Kisangani.

Mwaka 1891 alifika Unguja, na bara hakurudi tena. Mwaka uliofuata vita vikazuka kati ya majeshi ya Leopold na Waarabu wa Lualaba. Ngongo Lutete, aliyekuwa mtu wake, akahamia upande wa Wabelgiji. Nyangwe na Kasongo zikaanguka mwaka 1893, na mwezi Oktoba mwaka huo mwanawe Sefu akauawa vitani. Mzee alipata habari hizo akiwa katika nyumba yake ya Shangani.

Hapo ndipo Mjerumani mmoja, Heinrich Brode, alipomsihi aandike. Tippu Tip aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, Brode akakigeuza kwa herufi za Kilatini na kukitafsiri kwa Kijerumani, kikachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Tafsiri ya Kiingereza ya Whiteley ilitokea pamoja na maneno ya Kiswahili mwaka 1958 na 1959, chini ya Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Mtungaji alifariki Unguja kwa homa mwezi Juni 1905. Lugha yake ni kavu, ya sentensi fupi, ya mtu aliyezoea kutoa amri, wala hapambi. Maofisa vijana wanaopenda kurembesha taarifa zao wangefaidika kwa mtindo huo, hata kama si kwa mengine.

Msomaji akikimaliza asiharakishe kwenda kwenye Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert, ingawa nao ni mzuri na utamngoja. Aanze na Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichochapishwa mwaka 1934. Mbotela ana upendeleo wake, kwani amewasifu Waingereza kupita kiasi, nasi tunajua waliyoyafanya baadaye katika nchi hizi. Ni kitabu chembamba, chaweza kusomwa kwa jioni mbili. Baba yake mwandishi alikuwa miongoni mwa waliotekwa na kutembezwa hadi pwani, na safari ni ile ile ya misafara, ila safari hii anayeisimulia ni mwana wa mtu aliyekuwa ndani ya mnyororo.