Gauss na Namba 17

Ningewaomba walimu wenzangu wamfikirie Carl Friedrich Gauss kabla ya kumwambia mtoto wa maskini kwamba hisabati haikuumbiwa watu wa aina yake. Gauss alizaliwa mjini Braunschweig, Ujerumani, tarehe 30 Aprili 1777. Baba yake aliishi kwa kazi za mikono, na mama yake hakujua kuandika. Mwalimu wake wa kwanza, Büttner, hakuwa mgeni wa kiboko. Lakini alipong'amua kwamba mtoto huyu anampita, hakuona haya: alimwagizia kitabu bora zaidi cha hesabu, na msaidizi wake, Martin Bartels, aliyemzidi Gauss kwa miaka minane tu, akawa anadurusu naye. (Bartels huyo ndiye aliyekuja kumfundisha Lobachevsky kule Kazan, Urusi. Jicho lake lilikuwa pevu!) Gauss alipotimu miaka 14, habari zake zilimfikia mtawala wa jimbo, Carl Wilhelm Ferdinand, ambaye aligharimia masomo yake hadi chuo kikuu.

Hata hivyo, nusura hisabati impoteze. Alipoingia Chuo Kikuu cha Göttingen mwaka 1795, moyo wake uligawanyika baina ya hesabu na lugha za kale. Aliyemwamulia si mzazi wala mwalimu, bali namba 17.

Tangu zama za Euclid, yapata miaka 2,000, wataalamu walijua kuchora kwa rula na bikari umbo la pande 3 zilizo sawa, la pande 5, hata la 15. La 17 lilikuwa limewashinda. Mnamo Machi 1796, akiwa hajatimiza miaka 19, Gauss alitambua kuwa linawezekana.

Hoja yake, nikiieleza kwa ufupi ambao huenda ukawaudhi mabingwa, ni hii. Toa 1 katika 17, inabaki 16. Namba 16 hugawika nusu kwa nusu pasipo kukwama: 8, 4, 2, 1. Gauss aliiweka kando pembe moja iwe mahali pa kuanzia, akazipanga zile 16 zilizosalia katika makundi ya nane nane, kisha nne nne, kisha mbili mbili, hadi akaifikia moja. Kila hatua ilidai kipeuo cha pili tu, na kipeuo cha pili bikari hukimudu. Sasa jaribu 7. Ukitoa 1 unapata 6; ukiigawa nusu unaangukia 3, na hapo bikari hugonga mwamba. Pierre Wantzel alithibitisha hilo mwaka 1837.

Namba tasa zenye sifa hii ya 17 ni adimu ajabu. Hadi leo zinazojulikana ni tano tu: 3, 5, 17, 257 na 65537.

Ugunduzi huo ndio uliofungua daftari lake la kumbukumbu za hisabati, na lugha akaziacha. Wala Kilatini hakikumtupa, maana ndicho alichokiandikia kitabu chake kikuu cha mwaka 1801, Disquisitiones Arithmeticae. Alifariki Göttingen mwaka 1855. Kwenye sanamu yake mjini Braunschweig imechongwa nyota yenye ncha 17, kwa kuwa umbo lenyewe la pande 17, kwa jicho la mpita njia, lingedhaniwa kuwa duara.