Karani wa Posta Aliyetunga Riwaya 47

Anthony Trollope alizaliwa London mwaka 1815. Baba yake, mwanasheria, aliishiwa mali, na katika shule ya Harrow kijana huyo alidharauliwa na wenzake kwa umaskini wake. Mwaka 1834 akaajiriwa Posta kuwa karani, akajulikana kwa kuchelewa kazini. Alijirekebisha baada ya kuhamishiwa Ireland mwaka 1841. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1847, wala haikupata wanunuzi.

Hakukata tamaa, wala hakuacha kazi. Alimlipa mtumishi wake ziada ya pauni 5 kwa mwaka ili amwamshe kwa kahawa. Ilipofika saa 11 na nusu alfajiri alikuwa mezani. Nusu saa alisoma aliyoyaandika jana yake. Kisha, saa yake ikiwa mbele yake, akaandika maneno 250 kila robo saa. Ndipo akaenda kazini. Aliitumikia Posta hadi mwaka 1867.

Alifariki mwaka 1882. Mwaka uliofuata kitabu cha maisha yake kilitoka na kufichua siri hiyo, pamoja na pato lake la karibu pauni 70,000. Wengi walichukizwa kuona utunzi umefanywa kazi kama ya fundi viatu, na sifa yake ikashuka kwa miaka mingi. Lakini riwaya zake zinasomwa hadi leo.

Ndugu zangu, sisi wa maofisini husingizia kukosa nafasi. Nanyi wadogo zetu mlio madarasani, anzeni na robo saa. Haba na haba hujaza kibaba.