Abebe Bikila, Mkimbiaji wa Uhabeshi

Abebe Bikila alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato, nchi ya Uhabeshi, ambayo siku hizi huitwa Ethiopia. Utotoni alichunga mifugo ya jamaa zake milimani. Alipopata ujana alikwenda Addis Ababa, akaandikwa askari katika kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie. Huko Mswidi mmoja, jina lake Onni Niskanen, aliona ya kuwa askari huyu ana pumzi na miguu mepesi, akamfundisha kukimbia mbio ndefu.

Katika mwaka 1960 mashindano ya Olimpiki yalifanywa Roma, mji mkuu wa Italia. Mbio ndefu kupita zote ni za kilomita 42 na mita 195, karibu sawa na njia ya kutoka Kariakoo mpaka Kibaha. Watu wachache tu walimjua Abebe. Walipomwona amesimama miguu mitupu kati ya wenzake waliovaa viatu, wengi hawakumdhania kuwa mshindi.

Mbio zilianza jioni, zikamalizika usiku kwa mwanga wa mienge. Mwishoni walibaki mbele wawili tu, Abebe na Rhadi wa Moroko. Basi, njiani palisimama nguzo kubwa ya mawe iliyochongwa zamani huko Aksum. Waitalia waliichukua baada ya kuishinda Uhabeshi vitani, nayo haikurudishwa ila mwaka 2005. Karibu na nguzo hiyo Abebe alizidisha mbio, akamwacha mwenzake nyuma. Akamaliza kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16.

Je, alikimbia upesi gani? Kasi ya wastani hupatikana kwa kugawanya urefu wa njia kwa muda uliotumika. Mtoto wa Kariakoo atembeaye mita 1,200 kwa dakika 20, yaani sekunde 1,200, kasi yake ni mita 1 kwa kila sekunde. Abebe alikwenda mita 42,195 kwa sekunde 8,116. Ukigawanya, wapata mita 5.2 kwa sekunde, zaidi ya mara tano ya kasi ya mtoto yule, naye aliishika kwa saa mbili na zaidi. Rhadi alifika sekunde 25 baadaye. Kwa kasi hiyo, sekunde 25 ni kama mita 130 tu.

Abebe akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kupata nishani ya dhahabu katika Olimpiki. Mwaka 1964 alitakiwa kwenda Tokyo, Japani. Wiki chache kabla ya mbio alipasuliwa tumbo kwa ugonjwa wa kidole tumbo, na wengi walifikiri hataweza. Lakini alikimbia, safari hii akiwa amevaa viatu, akamaliza kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Kasi yake ilikuwa mita 5.3 kwa sekunde, na mtu wa pili alifika baada ya dakika nne na zaidi.

Mbio za Tokyo zafundisha jambo jingine. Kuna kasi, na kuna kasi yenye mwelekeo. Hii ya pili haiulizi urefu wa njia, bali huuliza mtu amefika mbali gani, na upande gani, kutoka pale alipoanzia. Mtoto akizunguka soko la Kariakoo lote na kurudi mlangoni alipoanza, kasi anayo, lakini wastani wa kasi yake yenye mwelekeo ni sifuri, kwa kuwa amerudi palepale. Ndivyo ilivyokuwa kwa Abebe, kwa maana mbio za Tokyo zilianza na kuisha katika uwanja mmoja.

Mwaka 1968 huko Mexico aliumwa mguu, akaziacha mbio baada ya kilomita 17 hivi. Mwenzake Mamo Wolde alishinda mahali pake. Mwaka uliofuata, mwezi wa Machi, gari la Abebe lilipinduka. Alipona, lakini miguu iliyowashangaza watu wa mataifa yote haikumchukua tena hata hatua moja. Alitibiwa Uingereza, katika hospitali ya Stoke Mandeville.

Wengi wangalikata tamaa. Abebe alijifunza kulenga shabaha kwa upinde akiwa amekaa katika kiti cha magurudumu, akashindana na watu wenye ulemavu kama yeye. Alikufa Addis Ababa tarehe 25 Oktoba 1973, mwenye umri wa miaka 41.

Kasi ya miguu yake yaweza kupimwa kwa saa na kwa hesabu. Ushujaa wake baada ya miguu kufa haupimwi kwa saa, nao ndio uliowafanya watu wa nchi yake wamheshimu hata mwisho.