Mwalimu na Jembe la Butiama

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki, mwenye wake 22. Mama yake, Mugaya, alikuwa mke wa tano. Lakini utemi wa baba haukumwondolea mtoto kazi. Kambarage alichunga mbuzi na kumsaidia mama yake shambani. Alipotimiza miaka 12, mwaka 1934, ndipo alipopelekwa shule ya Mwisenge, Musoma.

Alisoma Tabora, Makerere na Edinburgh, akawa mwalimu, kisha Rais wetu wa kwanza. Mwaka 1967 alitoa Elimu ya Kujitegemea, akitaka kila shule iwe na shamba lake. Wako waliodhani kwamba jembe ni adhabu ya mwanafunzi. Yeye alipong'atuka mwaka 1985, neno hilo likiwa la Kizanaki, alirudi Butiama akalima. Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa kijijini kwake.

Alikuwa Mkatoliki, nasi ni Waanglikana. Jembe halina dhehebu. Mzazi wa Musoma au Bunda anayemtisha mtoto kwamba akishindwa mtihani atalima, na amkumbuke Mwalimu: alifaulu, na bado akalima.